Mzigo wa Kwanza ni Pumzi

Historia ya njia ya misafara, ile iliyotoka Bagamoyo ikapanda hadi Tabora na kugawanyika huko, tawi moja likienda Ujiji na jingine likielekea Ziwa Nyanza (Victoria), husimuliwa zaidi kwa bidhaa zake: pembe za ndovu, vitambaa vya merikani, shanga, nyaya za shaba. Bukene, katika wilaya ya Nzega ya leo, imo katika upande wa kaskazini wa Unyamwezi, nchi iliyopitiwa na waliotoka Tabora kwenda Nyanza. Karibu kila kilichopita huko katika karne ya 19 kilipita juu ya bega la mtu. Biashara ya mbali haikulazimika kuwa hivyo. Sahara ilikuwa na ngamia, Ethiopia ilikuwa na baghala, Afrika Kusini ilikuwa na magari ya kukokotwa na maksai. Unyamwezi nayo haikukosa ng'ombe. Basi kwa nini mzigo wa kilo 30 au zaidi ulitembea miezi kadhaa begani, wakati ng'ombe awezaye kukokota mara kumi ya uzito huo alibaki zizini? Jibu lililozoeleka ni inzi mnyonya damu aitwaye mbung'o, ambaye wengi huku bara humwita ndorobo. Jibu hilo ni sahihi, ila linaishia mlangoni. Linatuambia nani alimuuma ng'ombe. Halituambii kilichompata ng'ombe hata akashindwa kazi, wala kwa nini mtu aliyeumwa na mbung'o huyohuyo aliendelea na safari. Hoja yangu ni kwamba majibu ya maswali hayo mawili yamo katika namna wanyama wanavyopumua na namna damu inavyozunguka. Kabla mnyama hajabeba chochote mgongoni, damu yake imekwisha kubeba mzigo mwingine, nao ni pumzi. Asiyeweza kuufikisha huo hawezi kubeba mwingine wowote.

Mazoea hutufanya tudhani kwamba kupumua ni kazi ya kifua. Kifua tunakiona kikipanda na kushuka, na kinapotulia kabisa tunajua maisha yamekwisha. Lakini matumizi ya oksijeni hayafanyiki kwenye hewa ya kifuani. Hufanyika ndani ya kila seli, ya ini, ya mguu, ya ncha ya sikio, ambako oksijeni hukutana na chakula kikatoa nguvu, kisha hewa ukaa hutakiwa irudi nje. Kati ya pua na seli pana umbali, na umbali huo ndio kiini cha jambo lote. Oksijeni iliyoyeyuka majini husambaa yenyewe bila kusukumwa, ila muda wake haukui sawasawa na umbali: umbali ukiongezeka mara kumi, muda huongezeka mara mia. Kupita sehemu moja ya mia ya milimita kunachukua muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Kupita milimita moja kunachukua takriban dakika 4. Sentimita 10, kutoka ngozi ya maksai hadi kilindi cha paja lake, zingechukua karibu mwezi mzima, na mita moja ingechukua miaka 8 hivi. August Krogh, mwanafiziolojia wa Denmark aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1920 kwa kazi yake juu ya kapilari, mishipa midogo kabisa ya damu, alionyesha kwamba mnyama anayetegemea kusambaa pekee hawezi kuzidi unene wa milimita moja hivi na bado akaishi kwa kasi tuliyozoea kuiona kwa wanyama. Ndiyo sababu minyoo bapa, ambao hawana moyo wala mishipa, wamebaki bapa.

Ng'ombe hawezi kuwa bapa. Anaushinda umbali kwa kuikamata hewa mahali pamoja, kuipakia katika kimiminika, na kukisukuma kimiminika hicho mpaka kila seli iwe na kapilari jirani, mahali ambapo kusambaa kunaweza tena kufanya kazi yake upesi. Wanadamu walichukua muda mrefu kuliona hili. Galen, katika karne ya 2, alifundisha kwamba damu hupenya kutoka upande mmoja wa moyo kwenda wa pili kupitia vitundu vya ukuta wa kati. Katika karne ya 13 Ibn al-Nafis, tabibu wa Damascus aliyefanya kazi Cairo, alivikana vitundu hivyo: ukuta ni mzima, kwa hiyo damu haina budi kupitia mapafuni. Mwaka 1628 William Harvey wa Uingereza alilikamilisha duara kwa hesabu: kiasi ambacho moyo husukuma katika nusu saa kinazidi damu yote iliyomo mwilini, kwa hiyo lazima damu ileile iwe inarudi. Mwaka 1661 Marcello Malpighi akaziona kapilari katika mapafu ya chura, na pengo lililobaki katika hoja ya Harvey likazibwa. Ila duara peke yake halitoshi. Maji matupu ya damu, bila seli nyekundu, huyeyusha mililita 3 tu za oksijeni kwa lita. Hemoglobini, protini yenye chuma iliyojazwa ndani ya seli nyekundu, huiwezesha lita moja ya damu ya mtu mwenye afya kubeba mililita 200 hivi. Bila protini hiyo moyo ungelazimika kusukuma zaidi ya mara 60 ya unavyosukuma sasa, kazi ambayo hakuna msuli unaoiweza. Mnyama mkubwa anaishi ndani ya tofauti iliyopo kati ya 3 na 200.

Kwamba mlango wa hewa na uchukuzi wake ni mambo mawili, samaki wa mbugani wanatuthibitishia. Katika majaruba ya mpunga na malambo ya Nzega, kiangazi kinapokaza, maji hupungua, hupata joto na kupoteza oksijeni. Hata yakiwa mazuri, maji ya vuguvugu huwa na mililita 5 au 6 tu za oksijeni kwa lita, ilhali lita ya hewa ina 210. Kambare hustahimili hali hiyo kwa sababu juu ya matamvua yake ana kiungo chenye matawi kinachofyonza oksijeni kutoka katika funda la hewa analolifuata juu. Kamongo wa Nyanza na wa mabwawa ya Malagarasi amekwenda mbali zaidi. Ana mapafu kamili, na moyo wake umeanza kutenganisha damu iliyotoka mapafuni na ile iliyotoka mwilini, kazi ambayo moyo wa ng'ombe wenye vyumba vinne umeikamilisha. Kamongo mzima akizuiwa kufika juu ya maji hufa maji, ingawa ni samaki. Na maji yakikauka hujichimbia matopeni na kupumua humo kwa miezi mingi. Katika orodha hii mlango umebadilika kutoka matamvua hadi kiungo cha matawi hadi mapafu. Mchukuzi hakubadilika: kwa wote ni hemoglobini ndani ya seli nyekundu, ikisukumwa na moyo. Mpangilio wa viungo unaobadilika kwa urahisi hivyo upande wa mlango, na kushikilia jambo moja upande wa uchukuzi, unatuonyesha ni wapi penye uzito zaidi.

Pingamizi la kwanza linatoka katika mizinga ya Tabora yenyewe. Mkoa huu unajulikana kwa asali ya miombo, na nyuki anayeitafuta asali hiyo ni mfanyakazi asiyemithilika: kwa kila gramu ya msuli, nyuki arukaye hutumia oksijeni nyingi kuliko mwanariadha yeyote. Hata hivyo damu yake haina hemoglobini wala haibebi hewa. Kazi yake ni kugawa chakula na kutoa taka. Kama kiumbe mwenye bidii kiasi hicho hahitaji damu ili apumue, je, hoja ya uchukuzi haijaanguka? Haijaanguka, kwa sababu nyuki ameushinda umbali kwa njia nyingine. Ubavuni ana vitundu vinavyoingia katika vijibomba, navyo hugawanyika na kugawanyika mpaka viguse nyuzi za misuli, na hewa yenyewe hufika pale ilivyo. Ndani ya hewa oksijeni husambaa takriban mara 10,000 kwa kasi kuliko ndani ya maji, kwa hiyo safari ya milimita chache haimsumbui. Tena tumbo lake linalocheza-cheza husukuma hewa hiyo iende mbio. Lakini mpango huu una kikomo. Mdudu akizidi kuwa mkubwa, vijibomba hudai sehemu kubwa zaidi ya mwili wake. Kereng'ende wenye mabawa ya karibu sentimita 70 kutoka ncha hadi ncha waliishi miaka milioni 300 iliyopita, wakati ambapo, kwa makadirio ya wanajiolojia, hewa ilikuwa na oksijeni nyingi kuliko sasa. Leo hakuna mdudu wa ukubwa huo. Nyuki, basi, anaithibitisha kanuni kutoka upande wa pili: asiye na umbali mrefu ndani ya mwili anaweza kuishi bila mchukuzi.

Mbung'o yuko upande wa nyuki katika jambo hili, na hapo ndipo kisa cha Unyamwezi kinapopata ajabu yake. Ana urefu wa sentimita moja hivi. Dume na jike wote huishi kwa damu tu, na mlo mmoja unaweza kulingana na uzito wa mlaji. Anakunywa hemoglobini, chombo bora kabisa cha kubebea hewa alichonacho maksai, na hana haja nayo ya kupumulia. Kwake ni kitoweo. Nguvu ya kuruka huipata zaidi katika prolini, asidi-amino inayotengenezwa kutokana na mlo huo, na oksijeni ya kuichoma huingia kwa vitundu vya ubavu. Ndani ya mbung'o wamo tripanosoma, vimelea wa seli moja ambao daktari David Bruce aliwahusisha na nagana, ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na mbung'o, huko Zululand mwaka 1895. Trypanosoma brucei, akiwa ndani ya inzi, naye hutumia prolini na kupumua kwa mitokondria inayofanya kazi kikamilifu. Akiingia ndani ya mamalia hubadilika: huzima sehemu kubwa ya mitokondria na kuishi kwa sukari ya damu, akiitumia kwa ufujaji maana imejaa tele pande zote. Mwili wake ni mdogo mno, kwa hiyo tatizo la umbali halimhusu. Katika tone moja, basi, hukutana watatu: ng'ombe anayeitegemea damu apumue, inzi anayeila, na kimelea anayekaa ndani yake kama mpangaji wa nyumba yenye sukari. Mmoja tu kati yao anaihitaji damu kwa ajili ya pumzi, na ndiye anayekufa.

Anakufaje? Ni rahisi kudhani kwamba vimelea humnyang'anya chakula au humtia sumu mpaka anaanguka. Madhara makubwa ya nagana kwa ng'ombe, hata hivyo, ni upungufu wa damu, na mwuaji mkuu wa seli nyekundu anatoka nyumbani. Seli za kinga za ng'ombe mwenyewe, zilizomo katika wengu, ini na uboho, huzimeza seli nyekundu kwa wingi, na katika ugonjwa uliokomaa huendelea kuzimeza hata vimelea wakishakuwa adimu. Ili kuona maana yake kwa kazi ni lazima tujue akiba. Mnyama aliyepumzika hutumia takriban robo ya oksijeni inayopita mwilini. Robo tatu hurudi moyoni bila kuguswa, ikisubiri haja. Nusu ya seli nyekundu zikipotea, aliyesimama bado anaweza kuishi: moyo huongeza mapigo, damu iliyopungua uzito hupita kwa wepesi, na tishu huchukua sehemu kubwa zaidi ya kilichomo. Machoni pa mwenyewe ng'ombe amekonda, manyoya yamesimama, machozi yanamtoka, lakini anakula na anafuata wenzake malishoni. Mfunge nira sasa. Kazi inadai oksijeni mara kadhaa ya ile ya kupumzika, na akiba ambayo ingelipa deni hilo imekwisha kutumika kwa kusimama tu. Moyo uliokwisha kukimbia unatakiwa ukimbie zaidi. Hupanuka, huchoka, na mara nyingi ndio unaoshindwa mwishoni. Kifua cha ng'ombe huyo kinaweza kuwa kizima kabisa, kimejaa hewa safi ya miombo, na misuli ya mapaja ikakosa pumzi.

Hapa mtu mwenye kumbukumbu ya mapori atauliza kuhusu nyati, pofu na tandala. Hao wanaishi na mbung'o mwaka mzima, wana tripanosoma katika damu yao, wana hemoglobini ileile na moyo uleule wa vyumba vinne, na hawaugui. Kama tatizo ni namna mnyama mkubwa anavyobeba hewa, lingewapata na wao. Pingamizi hili ni zito, na uzito wake unaisukuma hoja mahali sahihi zaidi. Kinachoamua ni kama uchukuzi wa mnyama unavumilia kuwapo kwa mgeni, na kuwapo kwa mgeni peke yake hakutoshi kuua. Ng'ombe wa N'Dama wa Afrika Magharibi, ambao mababu zao wamekaa na mbung'o kwa maelfu ya miaka, huambukizwa kama wengine, lakini seli zao nyekundu hazishuki sana na hurudi upesi. Utafiti wa Nairobi, katika taasisi iliyoanzishwa mwaka 1973 na ambayo baadaye ilikuja kuwa sehemu ya ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ulionyesha kwamba uwezo wa kuwabana vimelea na uwezo wa kuuzuia upungufu wa damu ni vipaji viwili tofauti, na kwamba kipaji cha pili kimo katika seli zinazozaliwa ndani ya uboho. Ng'ombe wenye nundu waliotawala Unyamwezi na Usukuma hawakupewa kipaji hicho kwa kiwango hicho. Kwa hiyo nyati na N'Dama hawaipingi hesabu ya pumzi. Wao ndio wanaoonyesha kwamba aliyeilinda damu yake anaweza kuishi na vimelea bila kupoteza nguvu.

Na mtu je? Mpagazi aliyepita porini aliumwa na mbung'o walewale, tena mgongoni na miguuni pasipo na manyoya ya kumkinga. Karibu tripanosoma wote wanaowaua ng'ombe hawawezi kuishi ndani ya damu ya binadamu. Alphonse Laveran, tabibu wa Ufaransa, aliliona hilo mapema, mwaka 1902: maji ya damu ya mtu yaliwaua tripanosoma waliokuwa ndani ya panya. Sababu ilichukua miaka mia kufumbuliwa, na imefungamana na hemoglobini yenyewe. Seli nyekundu inapopasuka, hemoglobini inayomwagika hushikwa na protini nyingine ili isipotee bure. Trypanosoma brucei, ambaye anahitaji kiini chenye chuma kilichomo ndani ya hemoglobini, ana mlango maalumu wa kuichukua ikiwa imeshikwa hivyo. Damu ya binadamu, na ya baadhi ya nyani wakubwa, imetengeneza kifurushi kinachofanana na chakula hicho, na ndani yake kuna protini iitwayo APOL1, iliyotambuliwa kuwa silaha hiyo mwaka 2003. Kimelea anakifungulia mlango, anakimeza, na APOL1 inamtoboa kutoka ndani. Uroho wa kimelea kwa kile kinachobeba pumzi ya mwenyeji ndio unaomuua. Mpagazi hakujua lolote la haya, lakini alivuka nchi ya mbung'o chini ya ulinzi huo, na ng'ombe hakuwa nao.

Ulinzi huo haukuwa wa bure wala kamili. Aina moja ya tripanosoma wa Afrika Mashariki, anayeitwa rhodesiense, amepata protini ya kuizuia APOL1, naye huleta malale. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wengi wa magharibi ya Tanganyika kutoka vijiji vilivyotawanyika na kuwakusanya katika makazi makubwa kwa sababu yake. Na palipokosekana tripanosoma walikuwapo maadui wengine waliolenga mahali palepale. Kimelea cha malaria huingia ndani ya seli nyekundu, huila hemoglobini yake na kuipasua. Minyoo ya safura huvujisha damu tumboni tone kwa tone. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba mtu aliyerithi chembe ya urithi ya selimundu kwa mzazi mmoja hupata kinga dhidi ya malaria. Aliyeirithi kwa wazazi wote wawili huugua maisha yake yote. Katika Kanda ya Ziwa na maeneo jirani, selimundu bado ni msiba wa familia nyingi. Tazama malipo hayo: uteuzi wa asili ulibadilisha herufi moja ya hemoglobini, ukawaokoa wengi na kuwatesa wachache, kwa sababu seli nyekundu ni mali ambayo mwili wa mnyama mkubwa hauwezi kuishi bila kuilinda kwa gharama yoyote. Mpagazi hakuwa na damu salama. Alikuwa na damu iliyopigana vita virefu na kushinda sehemu yake.

Mwanahistoria atakuwa na neno, na ana haki. Atasema kwamba damu haisaini mkataba wa ujira. Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu wapagazi, ameeleza jinsi vijana wa Kinyamwezi walivyoifanya safari ya pwani kuwa kazi ya hadhi: walijadili malipo, walikuwa na desturi zao za njiani, na waligoma walipoonewa. Atakumbusha kwamba Unyanyembe, eneo la Tabora, penyewe palikuwa na ng'ombe, kwamba misafara kadhaa ilikuwa na punda, na kwamba si kila mnyama aliyekufa njiani aliuawa na mbung'o: mmoja wa farasi wa msafiri Henry Stanley wa mwaka 1871, alipopasuliwa, alikutwa na minyoo tumboni. Atakumbusha pia tembo wanne wa India walioletwa mwaka 1879 kwa gharama ya mfalme Leopold wa Ubelgiji, wakashushwa pwani ya Msasani ili wabebe mizigo hadi Ziwa Tanganyika. Waliumwa na mbung'o bila dhara lililoonekana, na bado ni mmoja tu aliyefika Karema, ufukoni mwa ziwa hilo. Mizigo mizito na lishe duni viliwashinda wengine. Nayakubali yote. Mbung'o hakuwa kila mahali, kwani mashamba na makazi yenyewe yalimsukuma nyuma, na ng'ombe walinawiri palipofyekwa. Lakini msafara haukai palipofyekwa. Unavuka, na mnyama wa kubeba hupimwa kwa sehemu mbaya kuliko zote za njia, si kwa zizi aliloondokea.

Tena historia imetupa jaribio linalokaribia kutenganisha damu na desturi. Katika vita vya mwaka 1914 hadi 1918 majeshi ya Waingereza yaliingia nchi ambayo baadaye iliitwa Tanganyika na fedha, madaktari wa mifugo, na wanyama wengi kutoka nje. Maofisa wao hawakuwa na desturi yoyote ya upagazi waliyotaka kuihifadhi, na walipendelea gari la maksai na mgongo wa baghala. Katika mwaka 1916, mwaka ambao Tabora iliangukia mikononi mwa majeshi ya Wabelgiji, makumi ya maelfu ya farasi, baghala, punda na maksai walikufa, nagana ikiwa sababu kubwa. Majeshi yakarudi kwenye bega la mtu, safari hii kwa amri na kwa shuruti. Wachukuzi wakafa kwa makumi ya maelfu, kwa njaa, kuhara na uchovu. Hadhi, ujira na majadiliano ambayo Rockel ameyaeleza havikuwapo tena. Kilichobaki ni ukweli kwamba mwili wa mtu uliweza kuvuka mahali ambapo mwili wa mnyama haukuweza. Hilo ndilo linalonifanya niseme kwamba damu iliweka mipaka na watu wakaamua ndani yake. Wanyamwezi wa karne ya 19 waliitumia nafasi hiyo kwa faida na heshima yao. Walioendesha vita waliitumia kuwaangamiza watu walewale. Ukweli wa kibiolojia ulikuwa mmoja katika nyakati zote mbili, kwa hiyo lawama ya tofauti iliyoonekana inabaki kwa wanadamu.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na tawi la Mwanza linalopita Bukene likakamilika mwaka 1928. Iliufuta upagazi bila kuigusa nagana. Ufyekaji wa vichaka, dawa na mitego vimempunguza mbung'o sehemu nyingi, na Unguja alikwisha kabisa, hali iliyothibitishwa mwaka 1997 baada ya kuachiwa madume waliofanywa tasa. Maksai leo analima na kukokota katika nchi ambayo zamani asingeivuka, na kwa sababu hiyo hesabu ya pumzi imerudi kuwa ya manufaa ya kila siku. Daktari wa mifugo anayezungusha tone la damu katika kijibomba cha kioo ili aone seli nyekundu zimejaza sehemu gani hupima kile kinachotangulia kila kazi. Kipimo hicho hakijali jina la adui: nagana, ndigana baridi inayoletwa na kupe, au minyoo, zote hushusha mstari uleule. Dawa huwaua vimelea kwa siku chache, lakini uboho unahitaji wiki kadhaa kuzirudisha seli. Mfugaji anayemfunga nira maksai aliyepona jana anadai kutoka kwake akiba ambayo bado haijazaliwa. Na kwa msomaji wa historia somo ni hilohilo kwa upande wake. Anayetaka kujua kwa nini njia ya Tabora ilikuwa njia ya mabega asome mikataba ya wapagazi na bei za pembe, asome pia kipimo cha damu ya ng'ombe; akiacha kimoja, atabaki na nusu ya jibu, na nusu hiyo itamfanya amlaumu ng'ombe kwa udhaifu au amsifu mtu kwa ustahimilivu, bila kujua ni nini hasa kilichobebwa.